Weusi wa Chini ya Macho: Asili Yake, Utunzaji Wake, na Hukumu za Watu

Katika masomo ya afya yafundishwayo shuleni, jicho halikosi nafasi yake. Twawafundisha watoto habari za vikope, za mtoto wa jicho, na za macho yatokayo matongo, nasi twawahimiza wanawe uso kila asubuhi. Lakini juu ya ngozi iliyo chini ya jicho hatusemi neno. Hata hivyo ngozi hiyo hutazamwa kwanza mtu akutanapo na mwenzake, na ikiwa nyeusi kuliko uso wote, huleta maneno mengi kabla mwenyewe hajafumbua kinywa: hakulala huyu, mlevi huyu, mgonjwa huyu, au jambo baya zaidi ya hayo. Walimu na mapadre hukaa mbele ya nyuso za watu kila siku, darasani na kanisani. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza hapa asili ya weusi huo, utunzaji wake, na jinsi unavyowapotosha wautazamao. Mifano yetu twaitwaa katika nchi ya Kitangari na vijiji vya Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Msomaji aliye kwingine ataona mwenyewe yapi yafanana na ya kwao.

I. Majina

Kiswahili kina maneno mengi ya jicho na sehemu zake: mboni, kope, nyusi, kigubiko. Kina na maneno ya kasoro zake: chongo, makengeza, matongo, chamba. Lakini weusi wa chini ya macho hauna jina moja lililo lake peke yake. Watu husema tu, “ana weusi chini ya macho,” au husema, “macho yamemwingia ndani.” Mneno huu wa pili wataka uangalifu, kwa kuwa huchanganya mambo mawili yaliyo mbali sana. Mtu mzima wa afya, aliyerithi kwa baba yake mfupa wa shavu ulioinuka na bonde chini ya jicho, huambiwa macho yameingia ndani. Na mtoto mchanga aliyeharisha kutwa, ambaye maji ya mwili yamempungua, naye huambiwa vivyo hivyo. Wa kwanza hana ugonjwa wowote. Wa pili aweza kufa kabla ya jua kuchwa. Neno likiwa moja kwa hali mbili, sharti macho ya mtazamaji yafanye kazi ambayo ulimi haukuifanya.

Neno jingine la kuangalia ni kukesha. Mtu hukesha akiomba usiku wa Pasaka, hukesha akimwuguza mzazi wake, hukesha ngomani, hukesha pombeni. Asubuhi nyuso zote nne hufanana. Tena liko neno kuwanga, yaani kwenda usiku kwa uchawi. Kijana akisinzia mchana, wenzake humtania: “Ulikuwa ukiwanga?” Watu hucheka, na mara nyingi mambo huishia hapo. Lakini mzaha wa namna hii una mizizi mirefu. Katika nchi ya Wasukuma, mbali na kwetu, wanawake vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya dalili walizohesabiwa ilikuwa macho mekundu; nao wekundu ule uliletwa na moshi wa miaka mingi ya kupika kwa kuni na kwa mavi makavu ya ng’ombe. Sheria ya uchawi imekuwako katika nchi yetu tangu 1928, lakini sheria haikuweza kuwafundisha watu asili ya wekundu wa jicho. Kazi hiyo ni ya mwalimu. Nasi twasema ya kwamba weusi wa chini ya jicho ni ndugu wa wekundu ule: ni alama ionekanayo na wote, na ambayo wachache huuliza imetoka wapi.

II. Ngozi ilivyo

Ngozi ya kope na ya chini ya jicho ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili. Unene wake ni kama nusu ya milimita. Chini yake hakuna mafuta mengi kama yaliyo shavuni, bali pana msuli mwembamba wa kufumba jicho, na mishipa midogo ya damu mingi. Kwa sababu hiyo kila jambo litokealo chini yake huonekana juu.

Weusi wenyewe huja kwa njia nne. Ya kwanza ni rangi ya ngozi: melanini, ile rangi impayo kila mtu weusi wake, huzidi mahali hapo. Ya pili ni damu: mishipa hupanuka au ngozi hufifia, na rangi ya damu huonekana kama buluu au zambarau. Ya tatu ni uvimbe: maji hukusanyika chini ya ngozi, hasa usiku mtu alalapo, na uvimbe ule hutupa kivuli. Ya nne ni umbo: bonde kati ya jicho na shavu, ambalo huzidi kuwa refu kadiri mtu anavyozeeka na mafuta ya uso kupungua. Mara nyingi njia mbili au tatu hukutana katika uso mmoja.

Iko njia nyepesi ya kuzipambanua. Mtu na akae mahali penye mwanga wa mchana. Kwanza ainue uso kuuelekea mwanga: weusi ukitoweka, ulikuwa kivuli tu. Kisha ngozi ivutwe polepole kwa kidole kuelekea shavuni: weusi ukibaki vilevile, ni rangi ya ngozi, ukizidi kuwa wa zambarau, ni damu ionekanayo kwa chini. Jambo hili halihitaji chombo wala dawa, ila mkono safi na subira.

Katika watu wenye ngozi nyeusi, ile njia ya kwanza ndiyo iliyo ya kawaida, nayo hufuata ukoo. Mama anao, mjomba anao, na mtoto huanza kuuonyesha angali mdogo. Weusi wa namna hii si ugonjwa, hauletwi na tabia mbaya, wala hauna haja ya kuponywa. Kabla ya kumwuliza mtoto alilala saa ngapi, yafaa kuutazama uso wa mama yake.

III. Sababu zilizo katika nchi

Sasa twaja katika zile sababu zisizo za ukoo, ambazo kazi na mahali huzileta.

Usingizi. Kukosa usingizi hakuumbi rangi mpya katika ngozi kwa usiku mmoja, bali huifanya ngozi ififie, mishipa ipanuke na kope zivimbe, hata ule weusi uliokuwapo kidogo ukaonekana sana. Basi swali lenye maana ni hili: usingizi umekwenda wapi? Juu ya uwanda wetu jibu la kwanza tangu zamani limekuwa maji. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi ya Wamakonde yanenayo ya kwamba wazee wao walikatazwa kukaa mabondeni karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na kifo. Ajuaye habari za mbu na homa ya malaria hatayacheka masimulizi hayo. Lakini hekima ile ilikuwa na bei, na bei yake ililipwa na wanawake na wasichana, walioshuka genge usiku kungali giza na kupanda tena na mitungi vichwani. Katika miaka ya 1950 maji yalianza kusukumwa kwa mabomba hata juu ya uwanda, na taabu ikapungua. Hata hivyo maji ya bomba yakikatika, msichana huamka tena saa kumi za usiku akapange ndoo yake, na saa mbili asubuhi yumo darasani.

Jibu la pili ni korosho. Mikorosho huchanua katika majira ya kiangazi, na ndipo ugonjwa wa ubwiri unga huyashambulia maua. Dawa yake iliyozoeleka ni unga wa salfa, ambao hupulizwa kwa mashine alfajiri na mapema, wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia. Kijana amsaidiaye baba yake kazi hiyo hukosa usingizi, tena hupata vumbi la salfa machoni. Kazi moja humletea sababu mbili.

Jibu la tatu ni ngoma. Wakati wa jando na unyago watu hukesha kwa furaha ya watoto wao. Hatuandiki haya ili kuzilaumu mila. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alionyesha ya kuwa jando laweza kutengenezwa likawa la Kikristo bila kuvunjwa. Twasema tu kwamba mtoto aliyekesha siku tatu asihesabiwe kuwa mvivu siku ya nne. Na jibu la nne ni jipya: simu, ambayo vijana huitazama chini ya shuka hata usiku wa manane. Mtoto wa miaka sita hata kumi na miwili hupaswa kulala saa tisa hata kumi na mbili kila usiku. Mtu mzima, saa saba au zaidi.

Kufikicha macho. Ngozi ikisuguliwa mara kwa mara huwa nyeusi, kama goti la mtu apigaye magoti daima. Katika jiko lenye moshi wa kuni, mpishi hufikicha macho. Katika shamba lenye salfa, mkulima hufikicha. Mtoto mwenye mzio, apigaye chafya kwa vumbi na kuwashwa pua, naye hufikicha. Hatari ya peke yake imo katika kubangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yachomayo ngozi, na moshi wa kuzichoma korosho huwasha pia. Mbanguaji akiyagusa macho kwa mikono yenye mafuta hayo, kope huvimba na kuchubuka, na zikipona huacha weusi ukaao miezi mingi.

Damu. Mtu aliyepungukiwa na damu hufifia, na weusi wa chini ya macho huonekana zaidi. Safura ndiyo mfano ulio wazi: minyoo yake huingia kwa ngozi ya mtoto atembeaye bila viatu katika udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, nayo hukaa tumboni ikinyonya damu. Malaria huziharibu chembe za damu, na kichocho huitoa damu kwa mkojo. Mwalimu aweza kupima kwa njia nyepesi: aivute chini kope ya chini ya jicho, atazame ndani yake. Ikiwa nyekundu, vema. Ikiwa nyeupe, mtoto apelekwe zahanati akapimwe damu. Ikiwa ni safura, dawa ya minyoo ni rahisi, na choo na viatu humkinga asiipate tena. Chakula nacho kina sehemu yake: kunde, mbaazi, dagaa, kisamvu na matembele vina madini ya chuma. Na bibo, tunda ambalo wengi huliacha lioze chini ya mkorosho baada ya kuing’oa korosho, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nayo husaidia mwili kuipokea chuma ya mboga. Chai pamoja na chakula huizuia. Afadhali inywewe baadaye.

IV. Dalili zisizongoja

Ziko hali ambazo hazifai kungojwa. Mtoto aharishaye, ambaye macho yameingia ndani, kinywa kimekauka, na ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, apewe mara moja maji ya chumvi na sukari, na huku akipelekwa kwa tabibu. Kipimo chake ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Mtoto avimbaye uso kuzunguka macho kila asubuhi, na mkojo wake ukawa mchache au wa rangi ya chai, yamkini figo zake ni wagonjwa. Weusi uliotokea ghafula chini ya jicho moja, ukaanza na zambarau, kisha ukageuka kijani na manjano, ni damu iliyovilia kwa pigo; hupona kwa muda wa kama majuma mawili. Lakini ukitokea chini ya macho yote mawili baada ya kuanguka na kuumia kichwa, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mfupa wa kichwa waweza kuwa umevunjika. Na mtoto arudiapo shuleni na alama ya namna hiyo mara ya pili na ya tatu, mwalimu asiseme ya kwamba ni mambo ya nyumba ya watu. Amwulize faraghani, wala asimwache.

V. Utunzaji

Asiye na ugonjwa, naye ataka weusi wake upungue, na aanze na yasiyo na gharama. Alale usingizi wa kutosha, na kichwa kiinuliwe kidogo kwa mto ikiwa macho huvimba asubuhi. Aweke kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, kwa dakika kumi. Baridi huikaza mishipa na kupunguza uvimbe kwa kitambo, ingawa haiondoi rangi. Vipande vya tango hufanya kazi hiyo hiyo, wala havina siri nyingine. Avae kofia pana shambani, kwa kuwa jua huzidisha weusi. Jiko lijengwe lenye tundu la kutolea moshi. Apulizaye salfa avae miwani ya kufunika macho, naye abanguaye korosho ajipake mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kazi, kisha anawe vizuri kwa sabuni asijaguse uso. Na aliyezoea kufikicha macho ayaoshe kwa maji safi badala ya kuyafikicha.

Yako nayo ya kuepuka. Limau halifai: maji yake huchoma, na ngozi iliyopakwa limau ikipigwa na jua huungua na kuwa nyeusi zaidi. Wanja wa manga, ambao akina mama wengine huwapaka watoto wachanga ili kuwakinga na kijicho, mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Lakini baya kuliko yote ni krimu za kujichubua na ule mchanganyiko uitwao mkorogo. Ndani yake hupatikana zebaki, iharibuyo figo; na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huigeuza ngozi kuwa na weusi wa buluu usiotoka, yaani huleta jambo lile lile lililokimbiwa; na dawa za namna ya steroidi, ambazo hukondesha ngozi ile iliyo nyembamba tayari, na zikipakwa karibu na jicho huweza kuleta presha ya jicho na upofu. Sheria ya Tanzania imevikataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, nazo bado huuzwa kwa siri. Msichana aambiwaye kila siku kwamba uso wake ni mbaya ndiye mteja wa kwanza wa vitu hivyo. Kwa hiyo mzaha wa darasani una bei, na muuza mkorogo ndiye aipokeaye.

VI. Hukumu

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma habari za kuhani Eli, aliyemtazama Hana akiomba hekaluni. Aliona midomo inacheza na sauti haisikiki, akadhani mwanamke yule amelewa. Eli hakuwa mtu mbaya, wala macho yake hayakumdanganya katika aliyoyaona. Midomo ilikuwa inacheza kweli. Kosa lake lilikuwa kutaja sababu kabla ya kuuliza. Na alipojibiwa, alikuwa na unyofu wa kutosha kuyageuza maneno yake yakawa baraka.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu, nao walinena kweli. Lakini mkulima wa uwanda huu ajua ya kuwa wingu moja huleta mvua, na jingine hupita kwenda zake. Vivyo hivyo weusi wa chini ya jicho waweza kuwa urithi wa mama, au ndoo ya maji ya saa kumi za usiku, au minyoo, au moshi, au pigo, au machozi. Alama ni ile ile. Asili ni mbalimbali, na kila asili ina dawa yake. Basi mwalimu amwonapo mtoto mwenye uso wa namna hii akisinzia katika hesabu, asianze na fimbo wala na dhihaka mbele ya wenzake. Ampeleke kando, aitazame kope yake kwa ndani, na amwulize maswali matatu: Uliamka saa ngapi? Umekula nini? Ni nani wengine nyumbani kwenu wenye macho kama haya? Maswali hayo hayamalizi hata dakika tano, na mara nyingi yatatosha kumjulisha kama ni kazi ya tabibu, au ya wazazi, au kama hakuna la kufanywa ila kumwacha mtoto na uso aliopewa na Muumba wake.